JOSEPH WHITWORTH: FUNDI ALIYEZIPATANISHA NATI NA BOLITI

Wadau, habari hii imeanzia gereji. Siku moja nilimsindikiza mjomba wangu kufungua nati kwenye lori lake la Kiingereza, yale malori ya enzi za babu. Fundi akachukua spana namba 23, haiingii. Akachukua 24, inazunguka tu kama pete ya mtu mzima kwenye kidole cha mtoto. Hasira zikampanda, akaleta spana malaya, akakaza, akavuta... kona zote za nati zikaliwa! Ndipo akatokea mzee mmoja na mfuko wake wa turubai, akatoa spana nyeusi iliyoandikwa 1/2 W. Lakini wapi, nati ilishakuwa duara kama pipi. Ikabidi ikatwe kwa patasi.

Ile W ikanikaa kichwani. Nikadhani ni jina la kiwanda, au labda saizi fulani ya kijeshi. Kumbe ni jina la mtu, na huyo mtu alikuwa fundi wa mikono kabla hajawa tajiri. Anaitwa Joseph Whitworth. Nimekaa nikamsoma, na leo nataka niwasimulie.

Alizaliwa tarehe 21 Desemba 1803 mjini Stockport, karibu na Manchester, Uingereza. Baba yake alikuwa mwalimu wa shule ambaye baadaye alikwenda kuwa mchungaji. Mama alifariki Joseph akiwa bado mtoto, na nyumba ikasambaratika. Yeye akapelekwa shule huko Idle, karibu na Leeds, na alipofika miaka 14 akakabidhiwa kwa mjomba wake mwenye kiwanda cha kusokota pamba Derbyshire. Mpango ulikuwa mzuri kabisa: kijana ajifunze biashara, awe mbia, arithi. Wangapi wetu tungeikataa nafasi ya namna hiyo?

Yeye akaikataa. Pamba haikumvutia hata kidogo, kilichomvutia ni mashine za kusokotea. Alizijua zote, na alikerwa na jinsi zilivyotengenezwa ovyo ovyo. Alipokaribia miaka 18 akatoroka kwenda Manchester kufanya kazi ya ufundi wa kawaida, ya mshahara wa wiki na mikono yenye grisi. Mwaka 1825 akamuoa Fanny Ankers, wakahamia London, maana ndiko alikokuwepo bingwa wa mabingwa, mzee Henry Maudslay.

Maudslay alikuwa na maikromita yake mezani ambayo aliipachika jina la Lord Chancellor, yaani jaji mkuu, kwa sababu ikishasema hakuna rufaa. Ukileta kazi yako ukasema imekaa sawa, inapimwa pale, inatoa hukumu, unarudi kwenye jiliwa kuanza upya. Whitworth aliingia kwenye karakana hiyo akiwa kijana wa miaka 20 na kitu, na hapo ndipo alipopata wazimu wake wa maisha: usahihi. Baadaye akapita pia kwa Joseph Clement, yule fundi aliyekuwa anamtengenezea Charles Babbage mashine ya kukokotoa hesabu. Nyie mnaokaa hapo kwenye kompyuta za kafe mjue kwamba moja ya mababu wa hicho kitu mlicho nacho mbele yenu kilikuwa cha magurudumu ya meno, na Whitworth aliwahi kuwa fundi kwenye karakana ile.

Sasa sikilizeni hii ya uso bapa, maana ndiyo msingi wa yote. Ukitaka kutengeneza kitu kilichonyooka, lazima uwe na kitu kingine kilichonyooka cha kupimia. Sasa hicho cha kwanza unakipata wapi? Mafundi wa zamani walikuwa wanachukua mabamba mawili ya chuma, wanaweka unga wa msasa katikati, wanayasaga moja juu ya jingine mpaka yakutane. Shida ni kwamba mabamba mawili yanaweza kukutana vizuri kabisa na yote mawili yasiwe bapa. Moja lina bonde, jingine lina kilima, basi yanalaliana kama kijiko juu ya kijiko.

Dawa ni mabamba matatu. A unalilinganisha na B, kisha B na C, kisha C na A. Bonde linaweza kukutana na kilima, lakini vilima viwili havikutani na mabonde mawili hayakutani, kwa hiyo likija la tatu uongo unaumbuka. Halafu husagi tena. Unapaka rangi nyembamba yenye mafuta kwenye bamba moja, unaliweka juu ya jingine, penye kugusana panaachwa na alama, unapakwarua kwa mkono kidogo kidogo na chuma kikali. Unarudia. Unarudia tena. Kazi ya siku nyingi. Kusema haki, mabamba bapa na kukwarua vilikuwepo tayari kwa Maudslay, lakini Whitworth ndiye aliyeifanya njia hii ikamilike na kuitangaza. Mwaka 1840 akaipeleka mbele ya wanasayansi waliokutana Glasgow. Mpaka leo mabamba ya kupimia karakana yanatoka kwenye akili hiyo hiyo.

Mwaka 1833 alikuwa amesharudi Manchester, akapanga chumba chenye nguvu ya mvuke, akatundika kibao kuwaambia watu kwamba yeye ni mtengenezaji wa zana kutoka London. Kidogo ujanja wa biashara hapo, unajua tena, ukitoka mji mkuu watu wanakuheshimu! Lakini kazi ilikuwepo. Mashine zake za kukereza, za kuranda chuma na za kutoboa zikawa gumzo.

Tuje kwenye hesi, ambazo mafundi wetu wengi wanaziita nyuzi. Kabla ya Whitworth kila karakana Uingereza ilikata hesi zake kivyake. Boliti ya kiwanda hiki haiingii nati ya kiwanda kile hata kama unene ni uleule. Hesi moja nyembamba, nyingine pana, nyingine imelala. Ukiharibikiwa na mashine mbali na kwenu, basi, unasubiri boliti itoke ilikozaliwa au unachongewa mpya. Fikiria treni zinaanza kusambaa nchi nzima halafu kila karakana ina hesi zake. Balaa.

Whitworth hakukaa chumbani kubuni hesi yake bora akawalazimisha watu. Alikusanya boliti kutoka karakana nyingi, akazipima, akatafuta wastani wa kile ambacho mafundi walishakuwa wanakifanya. Mwaka 1841 akapeleka pendekezo kwa wahandisi wenzake mjini London: pembe ya hesi iwe digrii 55 kwa zote, kilele na shina viwe vya mviringo, na kila unene uwe na idadi yake ya hesi. Boliti ya robo inchi hesi 20 kwa inchi, ya nusu inchi hesi 12, ya inchi moja hesi 8. Kwa vile ilikuwa wastani, hakuna aliyeona amenyang'anywa mila yake. Na yeye mwenyewe alikuwa anauza vifaa vya kukatia hesi hizo, kwa hiyo fundi alipata kanuni pamoja na zana ya kuitimizia. Reli zikaikubali, viwanda vikafuata. Mimi naona hapa ndipo ujanja wake mkubwa ulipo, kuliko hata kwenye vyuma.

Faida ilionekana wakati wa vita vya Crimea, miaka ya 1850. Jeshi la majini lilihitaji boti za mizinga haraka, na injini zake akapewa John Penn. Penn akafungua injini za mfano, akagawa vipande kwa karakana mbalimbali, kila moja itengeneze kipande chake. Hesi zilikuwa za Whitworth, vipimo vilikuwa vya aina moja, vipande vilipoletwa pamoja vikaingiana. Inasimuliwa kwamba zilitoka injini 90 kwa siku 90.

Kwenye Maonyesho Makubwa ya London mwaka 1851 alipeleka zana na mashine zaidi ya 20. Mojawapo ilikuwa mashine ya kupimia sehemu moja ya milioni ya inchi. Ndiyo, ya milioni! Hesabu yake ni tamu, hebu shika kalamu. Kuna skrubu yenye hesi 20 kwa inchi, kwa hiyo ukiizungusha mara moja inasogea inchi 1/20. Skrubu hiyo inazungushwa na gurudumu lenye meno 200. Meno hayo yanasukumwa na skrubu nyingine yenye gurudumu lililogawanywa alama 250. Zidisha 20 kwa 200 kwa 250 uone unapata ngapi.

Sasa jicho haliwezi kuona kitu hicho, kwa hiyo alitumia mguso. Kati ya kitu kinachopimwa na mashine aliweka kibamba kidogo cha chuma. Kikibanwa sawasawa kinabaki kimening'inia, ukilegeza alama moja tu kinaanguka chenyewe. Kwa mashine hiyo joto la kidole likawa tatizo: chuma cha inchi moja kikipanda joto digrii moja tu ya Selsiasi kinarefuka kama sehemu 11 za milioni. Ukigusa umeharibu kipimo.

Gerejini nani anahitaji milioni? Hakuna. Lakini kutokana nayo alitengeneza geji za kawaida, pete na vyuma vya kuingiza, ambazo fundi yeyote angeweza kuzishika. Alipenda kuwaonyesha watu pete moja na vyuma viwili vilivyotofautiana inchi 1/10,000. Kimoja kinaingia kwa kubana, kingine kinapwaya, na macho hayaoni tofauti yoyote. Kabla ya hapo fundi wa kawaida alikuwa anapima kwa rula, na ile lugha ya kuongeza nywele kidogo au kupunguza nywele kidogo. Nywele ya nani sasa?

Kuna upande mwingine wa maisha yake ambao siwezi kuuruka. Mwaka 1854 serikali ilimuomba atengeneze mashine za kuundia bunduki. Akajibu kwamba kwanza lazima ajue bunduki nzuri ikoje, maana hakuna aliyepima. Wakamjengea banda la kulengea lenye urefu wa yadi 500 kwenye uwanja wa nyumba yake Manchester, dhoruba ikaliangusha, likajengwa tena. Akatoka na bunduki yenye mtutu wa pembe sita, tundu dogo na mzunguko mkali. Kwenye majaribio ya 1857 ikaiacha mbali ile Enfield ya jeshi, hasa kwa masafa marefu. Malkia Victoria mwenyewe aliifyatua mwaka 1860 kufungua mashindano ya Wimbledon, yadi 400, risasi ikatua karibu kabisa na katikati. Ilikuwa imefungwa kwenye kitako maalumu, tusidanganyane.

Jeshi likaikataa. Bei ilikuwa juu sana na mtutu mwembamba ulijaa masizi haraka. Walioipenda ni wadunguzi wa majimbo ya Kusini kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, yaani upande uliokuwa unapigania kubaki na utumwa. Jenerali Sedgwick wa upande wa Kaskazini aliuawa Mei 1864 na mdunguzi, na wengi wanaamini ilikuwa bunduki ya Whitworth. Usahihi uleule wa kuunganisha nati na boliti. Mimi hilo linanisumbua, nyie sijui.

Alikuwa mtu mgumu, mbishi, asiyependa kupingwa. Kwenye mizinga alishindana vibaya na William Armstrong kwa miaka mingi. Cha kuchekesha, mwaka 1897, miaka 10 baada ya kifo chake, makampuni yao yakaunganishwa yakaitwa Armstrong Whitworth!

Hakupata mtoto. Mwaka 1868 alianzisha ufadhili wa masomo, nafasi 30 za pauni 100 kwa mwaka, kwa vijana wa ufundi. Sharti lake nalipenda: mtihani ulikuwa wa darasani na wa mikono pia. Tupa, jiliwa na kufua chuma vyote vilihesabiwa. Kijana wa karakana asiye na ukoo wowote aliweza kukaa na mtoto wa tajiri wakapimwa kwa geji moja. Ufadhili huo upo mpaka leo. Mwaka uliofuata akapewa cheo, akawa Sir Joseph. Nyumbani kwake Derbyshire alikuwa na meza ya biliadi ya chuma, bapa kabisa, bila shaka wageni wote walionyeshwa.

Alifariki Monte Carlo tarehe 22 Januari 1887, akazikwa Darley Dale, Derbyshire. Mali yake nyingi ikaenda kwa elimu na hospitali, na jumba la sanaa la Manchester lina jina lake.

Hesi zake je? Marekani walifuata njia yao mwaka 1864, pembe digrii 60, na kwenye Vita vya Pili vya Dunia boliti za marafiki hao wawili zikagoma kuingiana. Mwishoni mwa miaka ya 1940 wakakubaliana hesi ya pamoja, kisha milimita zikaja. Ndiyo maana spana za W zimebaki kwa wazee. Na ile namba ilimpoteza fundi wetu kwa sababu haipimi mdomo wa spana, inataja unene wa boliti. Mdomo wa 1/2 W ni milimita 23.4 hivi. Hapo 23 na 24 zingefanyaje?

Lakini nenda kafungue bomba la maji hapo uani. Lile linaloitwa la nusu inchi lina hesi 14 kwa inchi, pembe digrii 55, za mzee Whitworth zilezile. Ndiyo maana koki ya Dar inaingia kwenye bomba la Mombasa. Na lile tundu chini ya kamera, la kufungia miguu mitatu, ni robo inchi hesi 20.

Yule mzee wa mfuko wa turubai nilimuomba aniuzie spana yake, akakataa katakata. Mdau mwenye seti nzima ya W aseme kwenye maoni hapo chini, mjomba bado ana lori na nati zimebaki tano.