Kallmann: Aliyemkimbia Hitler, akapima wazimu kwa mapacha

JINA la Dk. Franz Kallmann halikwepeki panapojadiliwa urithi wa skizofrenia, maradhi ya akili yanayomfanya mtu asikie sauti zisizokuwapo.

Kallmann, mwenye asili ya Kiyahudi, alizaliwa Ujerumani mwaka 1897, akawa daktari wa magonjwa ya akili jijini Berlin. Huko alipekua majalada ya wagonjwa 1,087 wa hospitali ya Herzberge, akafuatilia watoto na ndugu zao.

Mwaka 1935 alisimama mbele ya wanasayansi jijini humo akataka sheria ya kuwafunga kizazi wagonjwa, iliyopitishwa na utawala wa Hitler mwaka 1933, iwaguse hata jamaa zao wazima waliodhaniwa kubeba ugonjwa. Hata baadhi ya watetezi wa sheria hiyo waliona amezidi. Utawala huo huo ukamfungia milango kwa sababu ya nasaba yake, naye mwaka 1936 akakimbilia New York. La kushangaza, kitabu alichokitoa huko mwaka 1938 bado kilitetea kuzuia uzazi.

Kilichomjengea sifa ni mapacha. Pacha wa yai moja wana vinasaba vilevile, ilhali wa mayai mawili hufanana kama ndugu wa kawaida. Ugonjwa ukiwa wa kurithi, wale wa kwanza wataugua pamoja mara nyingi zaidi. Mwaka 1946 alichapisha matokeo ya jozi 691 kutoka hospitali za jimbo la New York. Baada ya kurekebisha hesabu kwa umri, alidai kuwa pacha wa yai moja walilingana kwa asilimia 85.8, na wa mayai mawili kwa asilimia 14.7.

Wengi walisadiki, ingawa jozi hizo zilitoka katika hospitali zilizojaa wagonjwa wa hali mbaya, na Kallmann mwenyewe ndiye aliyeamua nani mgonjwa na nani pacha wa yai moja. Mwaka 1963 Pekka Tienari wa Finland alichunguza jozi 16 za yai moja, asipate hata moja ambayo wote wawili waliugua. Kallmann alifariki New York mwaka 1965.

Dhana yake ya kinasaba kimoja haikusimama: utafiti wa mwaka 2022 ulihusisha maradhi hayo na sehemu 287 za vinasaba. Kuhusu urithi hakukosea, kwani takwimu za Denmark za mwaka 2018 ziliukadiria kuwa asilimia 79. Hata hivyo, takwimu hizo hizo zilionyesha kuwa pacha wa yai moja akiugua, uwezekano wa mwenzake kuugua ni asilimia 33 tu.