Sékou Touré na Gharama ya Kujitoa

Miongoni mwa waasisi wa mataifa huru ya Afrika, hayati Ahmed Sékou Touré wa Guinea anastahili kudurusiwa na kila mwanafunzi wa historia, kwani aliitoa nchi yake katika jumuiya ya kisiasa na kiuchumi pasipo mapatano yoyote.

Alizaliwa Faranah mwaka wa 1922. Alifukuzwa katika shule ya ufundi mjini Conakry kwa kuongoza mgomo, akaajiriwa na idara ya posta, na humo akaanza kuwaunganisha wafanyakazi. Mgomo mkuu wa mwaka wa 1953, uliodumu zaidi ya miezi miwili, ulimpa sifa kote Afrika ya Magharibi iliyotawaliwa na Ufaransa.

Mwaka wa 1958 Jenerali Charles de Gaulle aliyapa makoloni hiari: kuingia katika Jumuiya ya Kifaransa, ambamo Ufaransa ingeendelea kushika ulinzi, sarafu na mambo ya nje, au kukataa na kujitegemea papo hapo. Kura ilipigwa tarehe 28 Septemba. Makoloni mengine ya Afrika yaliyoulizwa yalikubali. Guinea ilikataa kwa asilimia 95 ya kura, na tarehe 2 Oktoba ikawa huru.

Hapakuwa na kipindi cha mpito wala mkataba. Ufaransa ilikata misaada na kuwaondoa watumishi wake kwa haraka, walimu na madaktari wakiwamo. Simu ziling'olewa, majalada yakachukuliwa au kuharibiwa. Ghana ya Kwame Nkrumah iliahidi mkopo wa pauni milioni 10, na nchi za kikomunisti zikaingia. Guinea ilipoanzisha sarafu yake mwaka wa 1960, majasusi wa Ufaransa walisambaza noti bandia ili kuidhoofisha.

Wapo wanaomsimanga Touré kwa methali kwamba mkataa pema pabaya panamwita. Methali hiyo haimfai, kwa kuwa alipopakataa hapakuwa pema. Kosa lake lilikuja baadaye. Hila za Ufaransa, pamoja na uvamizi wa Wareno wa mwaka wa 1970, zilimzoesha kuona njama kila pembe. Kambi ya Boiro ikajaa wafungwa. Diallo Telli, Katibu Mkuu wa kwanza wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika, aliachwa humo afe kwa njaa mwaka wa 1977.

Sisi wanaisimu tunasikitishwa pia na habari ya lugha. Kuanzia mwaka wa 1968 watoto wa Guinea walisomeshwa kwa lugha zao, kama vile Kifula, Kimaninka na Kisusu. Wazo lilikuwa sahihi, lakini vitabu vilikuwa haba na walimu hawakuandaliwa ipasavyo. Touré alifariki Marekani tarehe 26 Machi 1984. Wanajeshi walitwaa serikali siku chache baadaye, na Kifaransa kikarejeshwa madarasani.

Sisi wa Afrika Mashariki tusimcheke. Jumuiya yetu ilivunjika mwaka wa 1977, na mapatano ya kugawana mali yake yakasubiri hadi 1984. Haki ya taifa kujitoa haina mjadala. Hata hivyo, mwalimu na awaulize wanafunzi wake: asubuhi ya pili nani atafundisha, watu watanunua kwa fedha gani, na ni mahakama ipi itakayomzuia mkombozi asigeuke mtesi?