Karani wa Tanga na Barua Zilizobaki

Shaaban Robert hakusoma chuo kikuu. Alipokuwa kijana, Tanganyika nzima haikuwa na chuo kikuu hata kimoja. Kilipofunguliwa Dar es Salaam Oktoba 1961, kwenye jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kikiwa na wanafunzi kumi na kitu tu wa sheria, yeye alikuwa amebakiza kama miezi minane ya kuishi. Maisha yake ya kazi karibu yote alikuwa karani. Yaani mtu wa mafaili: anapokea karatasi, anaandika, anaorodhesha, anapanga, saa ya kutoka ikifika anafunga daftari anarudi nyumbani. Huko nyumbani sasa, usiku, ndipo anakuwa huyu Shaaban Robert tunayemsoma tangu sekondari.

Nimemchagua yeye kwa sababu ya swali moja ambalo nalisikia kila zinapotajwa kazi za muda kwa wanafunzi kwenye maktaba na hifadhi za nyaraka. Mtu anaambiwa kuna nafasi ya saa chache kwa wiki kupanga makaratasi ya zamani, anakunja uso: ili iweje? Mimi nasoma ualimu, Kiswahili na historia, na jibu nimelikuta kwenye maisha ya huyu mzee.

Alizaliwa 1 Januari 1909 Vibambani, jirani na Machui, kusini mwa mji wa Tanga. Wazazi wake walikuwa na asili ya Uyao, lakini yeye alijihesabu Mswahili na hakuona haja ya kulieleza sana jambo hilo. Nchi ilikuwa mikononi mwa Wajerumani, na pale Tanga, kwenye shule ya serikali, ndipo lilipokuwa likichapwa gazeti la Kiswahili la Kiongozi. Kwa hiyo alizaliwa jirani na mashine ya kuchapia, katika mji ambao Kiswahili kilikuwa tayari ni lugha ya ofisi na ya kalamu. Akiwa na miaka mitano, Novemba 1914, Waingereza walileta jeshi kutoka India likashuka Tanga na likapigwa vibaya. Mwaka 1916 walirudi, na safari hii mji ukawa wao.

Mwaka 1922 alikwenda Dar es Salaam kusoma, na 1926 akamaliza na cheti, akiwa wa pili kati ya wanafunzi 11. Kumi na moja! Darasa zima linaingia kwenye Hiace moja na konda bado anaita abiria. Cheti kile kilikuwa mali, na kilimpeleka moja kwa moja serikalini, idara ya forodha, Pangani.

Hapa wengi hupita haraka ili wafike kwenye vitabu. Mimi naomba tukae kidogo. Pangani ni mji wa mdomoni mwa mto, bandari ya majahazi, na forodha ni kazi ya makaratasi kuliko inavyofikiriwa. Mzigo ukiingia una karatasi yake, ukitoka una karatasi yake, ushuru una stakabadhi, na mwisho wa mwezi hesabu zote lazima zikubaliane. Karani akikosea tarehe au jina, shauri linaharibika. Kijana wa miaka 17 aliingia kwenye kazi hiyo na akadumu forodhani kwa karibu miaka 18 katika vituo vya pwani. Ukisoma nathari yake, ile namna ya kupima kila neno na kupanga hoja moja juu ya nyingine kama mizigo ghalani, mimi siamini kwamba ilitoka kwenye kipaji peke yake.

Mashairi yake yalianza kuonekana kwenye Mambo Leo, gazeti la serikali lililoanza 1923. Wakati huohuo maisha yalimpiga. Mke wake Amina alifariki akiwa bado kijana, na Shaaban akamwandikia shairi la maombolezo ambalo hadi leo watu wanalijua kwa moyo. Watoto aliobaki nao aliwaandikia tenzi mbili za mawaidha, Utenzi wa Adili kwa mwanawe Suleiman na Utenzi wa Hati kwa binti yake Mwanjaa. Sasa hivi tenzi hizo tunafundishwa kama fasihi. Zilipoandikwa zilikuwa karatasi za baba anayehofia kwamba naye anaweza kuondoka wakati wowote.

Katikati ya miaka ya 1940 alihamishiwa Mpwapwa, idara ya mifugo. Kwa mtu wa pwani aliyezoea bahari na nazi, Mpwapwa ni mbali, na vita vya dunia vilifanya safari na maisha yawe magumu zaidi. Kuhusu vita hivyo aliandika utenzi mrefu wa karibu beti 3,000, Utenzi wa Vita vya Uhuru. Beti 3,000, kwa mkono, baada ya saa za kazi! Sisi hapa insha ya kurasa nane tunaomba tuongezewe muda. Baadaye alirudishwa Tanga, akafanya kazi ofisi za serikali za jimbo na kisha ofisi ya upimaji wa ardhi. Mafaili tena.

Mwaka 1951 ndipo kilipotoka Kusadikika. Wote tunakijua: nchi inayoelea angani, Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe uanasheria, naye anajitetea kwa kusimulia wajumbe sita waliotumwa pande sita kutafuta mema, wakarudi nayo, wakafungwa. Ambacho walimu wetu wa sekondari hawakukitilia mkazo ni kwamba mwandishi alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni. Asubuhi anapanga nyaraka za dola, usiku anaandika hadithi ya dola inayowafunga watu wanaoiletea habari njema. Alijua dola inavyofanya kazi kwa sababu makaratasi yake yalipita mikononi mwake kila siku.

Kuna kazi yake nyingine ambayo naiona haipewi heshima inayostahili, nayo ni Wasifu wa Siti binti Saad. Siti alizaliwa Fumba, Unguja, katika ufukara, akauza vyungu, akaja kuwa mwimbaji wa taarab ambaye sahani zake zilirekodiwa Bombay 1928 na kusikika pwani nzima. Shaaban alimfuata, akakaa naye, akamsikiliza kabla hajafariki 1950. Wasifu ukatoka 1958. Fikiria kama asingekwenda. Tungekuwa na sauti ya Siti kwenye sahani, lakini masimulizi ya maisha yake kama alivyoyatoa mwenyewe yangezikwa naye. Hapo karani wetu alifanya kazi ambayo leo ina jina lake na kozi yake, ya kukusanya historia kwa mdomo wa mhusika. Alifanya bila kozi.

Vitabu vilikuwa vikitoka, lakini si kwa urahisi. Pambo la Lugha kilichapwa Johannesburg, Diwani ya Shaaban ikaja kuchapwa London, na mwishoni mwa miaka ya 1950 baadhi vilitoka Tanga penyewe. Heshima nazo zilikuja: nishani ya MBE kutoka kwa Waingereza, tuzo ya Margaret Wrong, na ujumbe katika Kamati ya Kiswahili ya Afrika Mashariki. Alifariki Juni 1962 akiwa na miaka 53, nusu mwaka tu baada ya uhuru, akazikwa Machui.

Na hapa ndipo wasifu wake unapoanza kuhusu makaratasi kweli kweli. Alipokufa, sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa bado miswada. Kufikirika, aliyoiandika miaka ya 1940, ilitoka 1967. Utenzi wa Vita vya Uhuru, mwaka huohuo. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote, 1968. Vyote hivyo vilikaa miaka mitano au sita baada ya mazishi vikiwa karatasi tu, ambazo mvua moja ya masika kupitia bati bovu ingezimaliza. Mtu wa pwani hahitaji kuelezwa unyevu unavyofanya. Begi la ngozi ukiliacha uvunguni miezi miwili linaota ukungu, karatasi je? Ukiongeza mchwa, hesabu imekwisha.

Halafu kuna barua. Kuanzia 1931 mpaka 1958 Shaaban alimwandikia mdogo wake, Yusuf Ulenge, ambaye naye alikuwa mwandishi wa hadithi. Miaka 27 ya barua za kaka kwa mdogo wake. Huyu bwana Yusuf hakuzitupa. Wengine tungeshazifungia maandazi. TUKI ilizichapa 2002, kitabu kizima, chini ya uhariri wa Mulokozi. Na angalia mzunguko ulivyokuja: ile Kamati ya Kiswahili ambayo Shaaban alikuwa mjumbe wake ndiyo iliyohamia Dar es Salaam na kuwa taasisi ya chuo kikuu 1964, ndiyo baadaye tukaiita TUKI, na leo TATAKI. Kabla ya barua hizo, tulikuwa na Maisha Yangu, kitabu kizuri lakini cha mtu anayejua anasomwa na umma, na juu ya utoto wake anasema machache sana. Kwenye barua ni kaka anaongea na ndugu yake. Anayetaka kumjua Shaaban asiyekuwa jukwaani ataanzia hapo, na njia nzima ya kufika hapo ilitegemea mtu mmoja kutunza bahasha.

Sasa turudi kwetu. Kazi yenyewe ya hifadhi ikoje? Haina mbwembwe. Unatoa pini na stepla zilizoshika kutu kwa sababu zinakula karatasi. Unafuta vumbi kwa brashi laini. Hutumii gundi wala selotepu. Kalamu ya wino inabaki nje, unaandika namba za kurasa kwa penseli. Kisha unaandika maelezo: ni nini, ya nani, ya lini, kurasa ngapi, iko boksi gani. Hayo maelezo ndiyo moyo wa kazi, maana waraka usioorodheshwa, hata ukitunzwa vizuri namna gani, hakuna atakayeupata. Wenzetu wa Bagamoyo, kwenye chuo cha ukutubi na nyaraka cha SLADS, wanasomea hayo, na wa Chuo cha Utumishi wa Umma wanasomea masjala. Sisi wa ualimu tunakwenda TP, tunashika chaki, tunarudi. Tunamfundisha mtoto wa kidato cha tatu Kusadikika bila sisi wenyewe kuwahi kuona mswada wowote wa mtu yeyote.

Sisemi kila mtu aache alichonacho akakae ghalani na vumbi. Nasema saa sita kwa wiki, jioni mbili, zinawezekana, na serikali yetu ya wanafunzi inaweza kulibeba jambo hili ikaandikia maktaba ya chuo, maktaba ya mkoa pale Tanga, hata makumbusho ya Urithi yaliyo kwenye Boma la zamani, kuomba nafasi rasmi zenye barua na msimamizi. Na nauli ilipwe, pamoja na chakula cha mchana. Hili nalisema waziwazi kwa sababu kuna taasisi, jina naliacha, niliyojitolea wiki tatu likizo iliyopita, ambayo iliona mwanafunzi ni mtu wa kubebeshwa maboksi na kutumwa vocha. Bumu lenyewe mnalijua linavyoishia njiani. Kazi ya bure ikiwa ndiyo sharti, watakaoingia ni wale tu ambao kwao wanakaa jirani na kituo.

Faida kwa mwalimu mtarajiwa ni ya moja kwa moja. Mwalimu aliyewahi kufungua Mambo Leo ya miaka ya 1930 kwenye mkusanyiko wa East Africana pale Mlimani, akaona mashairi ya wasomaji yamepangwa pembeni ya habari za bei za mazao na matangazo ya serikali, hatafundisha tena ushairi kana kwamba ulishuka kutoka mbinguni ukiwa ndani ya kitabu cha kiada. Ataeleza ulivyoishi. Wanafunzi wanaijua tofauti, hata kama hawawezi kuitaja.

Jambo moja linanikaa kichwani kila nikifungua kitabu kile cha barua. Zinaishia 1958. Miaka minne ya mwisho ya Shaaban Robert, miaka ya uchaguzi, ya madaraka na ya uhuru wenyewe, kwenye kitabu hicho haimo. Karani aliyezoea kuandika kwa miaka 27 sidhani aliweka kalamu chini ghafla. Huenda aliandikia watu wengine, Tanga mjini, Pangani, Unguja, Dar es Salaam, na wajukuu wa watu hao wanaweza kuwa ndio tunaokaa nao hosteli. Likizo ya Julai inakaribia. Ukifika nyumbani, kabla bibi hajachoma takataka za kabati la babu, muulize kwanza kama unaweza kuangalia.