Tshopo: Tippu Tip, mfanyabiashara wa watumwa aliyefanywa wali wa Stanley Falls

Kabla ya Kisangani kuwa mji, serikali ya hapo ilikuwa kituo kidogo kando ya maporomoko ya Wagenia. Mwaka wa 1887, kituo hicho na wilaya yake vilikabidhiwa mtu ambaye watu wa mto waliogopa kuliko wote: Hamed bin Muhammed el-Murjebi, ajulikanaye kama Tippu Tip.

Alizaliwa Unguja karibu na mwaka wa 1837. Akiwa kijana alianza safari za bara kutafuta pembe za ndovu na watumwa, na karibu na 1875 akafanya Kasongo, katika Maniema, kuwa makao yake. Mwaka uliofuata alimsindikiza Stanley kutoka Nyangwe, kisha akarudi. Stanley aliendelea na kuyafikia maporomoko mwanzoni mwa 1877, na wafanyabiashara wakafuata njia hiyo hiyo. Vijiji vilichomwa, na wanawake na watoto wakachukuliwa.

Maporomoko hayo ni saba, kati ya Ubundu na Kisangani. Juu yake mitumbwi inapanda hadi Maniema. Chini yake mto uko wazi mpaka Kinshasa. Anayeshika mahali hapo anashika biashara ya pande zote mbili. Kwa sababu hiyo Stanley alifungua kituo hapo Desemba 1883. Mwaka wa 1886 watu wa Tippu Tip waligombana na mkuu wa kituo na kukishambulia. Kikateketea, wakati yeye mwenyewe hakuwepo.

Mfalme Leopold II wa Ubelgiji hakuwa na askari wa kutosha kukirudisha. Februari 1887, huko Unguja, Stanley alimpa Tippu Tip mkataba kwa jina la mfalme: awe wali kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, apandishe bendera ya Dola Huru ya Kongo, na azuie biashara ya watumwa kuanzia maporomoko hadi mdomo wa Aruwimi, penye Basoko ya leo. Akaruhusiwa kuendelea na biashara yake mwenyewe.

Amri ya Agosti 1888 iligawa nchi katika wilaya 11, na Stanley Falls ilikuwa mojawapo. Lakini wali hakuweza, au hakutaka, kuwazuia watu wake wote; mashambulizi yaliendelea kwenye Lomami na Aruwimi. Dola nayo haikumwamini: mwaka wa 1889 ilijenga kambi ya askari Basoko ili kumfungia njia.

Tippu Tip aliondoka 1890 na hakurudi tena. Mpwa wake Rashid alibaki akishika maporomoko. Vita vilipolipuka 1892, mwanawe Sefu alipigana na askari wa Leopold na kufa mwaka uliofuata. Kapteni Ponthier, aliyeuawa katika vita hivyo, aliachia Ubundu jina la Ponthierville, lililodumu wakati wote wa ukoloni. Wakaaji wa mto hawakupata uhuru: walitoka mikononi mwa wafanyabiashara wakaingia katika kazi ya lazima ya mpira.

Tippu Tip alifariki Unguja Juni 1905, akiwa tajiri, baada ya kuandika maisha yake kwa Kiswahili. Mwaka wa 1906 reli ya Stanleyville hadi Ponthierville ilikamilika, ili kuyazunguka maporomoko yaleyale.

Wilaya ya Stanley Falls iligeuka kuwa Province Orientale, na mwaka wa 2015 jimbo hilo likagawanywa mara nne, Tshopo ikazaliwa. Ubundu, Isangi na Basoko zingali teritware zake. Na Kiswahili kilichofika na misafara hiyo bado kinasemwa Kisangani, kando ya Kilingala kilichopanda mto na askari wa Dola.