Florence Wilson: Mjane aliyeipa Mbeya usafiri wa ndege ndogo

MIAKA mingi kabla ndege za pangaboi hazijawa jambo la kawaida katika Nyanda za Juu Kusini, mjane mmoja mlowezi wa Kenya alikuwa ameshakabiliana na swali ambalo mashirika ya ndege ya ukanda huu yanalijadili hadi leo: ni ndege ya aina gani inayofaa kwa viwanja vifupi, vilivyo juu milimani, na kwa abiria wachache?

Mjane huyo ni Florence Kerr Wilson, ambaye jina lake linatamkwa kila siku na wasafiri wa Nairobi wanaotumia Uwanja wa Ndege wa Wilson, ingawa ni wachache wanaojua kuwa kazi yake ilivuka mpaka na kufika Mbeya.

Mumewe, aliyekuwa meja, alifariki dunia mwaka 1928. Badala ya kuuza mali na kurejea Uingereza, kama walivyofanya wajane wengi wa walowezi, Wilson aliamua kuingiza fedha zake katika biashara ambayo watu wengi wa wakati huo waliiona kuwa mchezo wa matajiri. Mshauri wake alikuwa rubani Tom Campbell Black, aliyemrusha kwa ndege ndogo hadi Uingereza. Safari hiyo ilimwonyesha kuwa usafiri wa anga unawezekana Afrika Mashariki, na mwaka 1929 akaanzisha kampuni ya Wilson Airways mjini Nairobi, Campbell Black akiwa rubani wake mkuu.

Kampuni ilianza kwa udogo. Ndege yake ya kwanza ilikuwa Gipsy Moth ya injini moja, iliyobeba rubani na abiria mmoja tu. Ndege ya namna hiyo ilifaa kumpeleka daktari au ofisa wa serikali kwa haraka, lakini haikuweza kuendesha safari za ratiba. Wilson akanunua Avro Five ya injini tatu, na baadaye Dragon ya injini mbili yenye nafasi ya abiria sita. Kisha ikafuata Dragon Rapide, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1934 na kuweza kubeba hadi abiria wanane.

Uamuzi huo haukuwa wa anasa. Katika miinuko kama ya Iringa na Mbeya hewa ni nyepesi. Bawa hupata nguvu ndogo ya kuinua, injini hupungua nguvu, na ndege huhitaji mbio ndefu zaidi kabla ya kuondoka ardhini. Kiwanja cha zamani cha Mbeya kiko takriban mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Ndege nzito ingehitaji uwanja mkubwa wa gharama, na ndege ya injini moja ingewaacha abiria bila tegemeo endapo injini ingezima juu ya milima. Ndege nyepesi ya injini mbili ilikuwa jibu la busara.

Mbeya yenyewe ilikuwa mji mchanga, uliokua kutokana na dhahabu ya Lupa, wilayani Chunya. Reli haikuwapo, ile ya TAZARA ilikamilika mwaka 1975. Aliyeshuka kwenye treni Dodoma alipaswa kupanda lori hadi Iringa na kuendelea kusini, na masika yalipofika barabara iligeuka tope.

Mwaka 1932 Shirika la Imperial Airways la Uingereza lilianzisha njia ya London hadi Cape Town iliyopitia Moshi, Dodoma na Mbeya. Lakini mwaka 1937 shirika hilo lilihamishia safari zake pwani, likitumia ndege zinazotua majini. Nyanda za Juu zikawa hatarini kuachwa kando. Pengo hilo lilizibwa na Wilson Airways, iliyoendesha safari kati ya Kisumu na Lusaka kupitia Nairobi, Moshi, Dodoma na Mbeya.

Hata hivyo, huduma hiyo ilikuwa na mipaka ya zama zake. Ilibeba barua, maofisa wa kikoloni, walowezi na wafanyabiashara. Kwa wananchi wa kawaida, ndege ilibaki kuwa kitu cha kutazamwa kikipita juu.

Vita Kuu ya Pili ilipozuka mwaka 1939, serikali ya kikoloni ilizichukua ndege na marubani wa kampuni hiyo kwa kazi za kijeshi. Baada ya miaka kumi tu ya kuruka, Wilson Airways haikurudi tena angani.

Chaguo lake la ndege, hata hivyo, lilidumu. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipoanza kazi mwaka 1946, lilianza na Dragon Rapide zile zile. Miaka ya 1960 likaingiza Fokker Friendship, ndege ya pangaboi yenye injini za kisasa. Shirika hilo lilipovunjika mwaka 1977, Shirika la Ndege Tanzania liliundwa na kutumia Fokker pamoja na Twin Otter katika njia za ndani. Baadaye Precision Air ilichagua ATR, na mwaka 2016 ATCL ikapokea Bombardier Q400.

Mbeya ilipata uwanja mkubwa wa Songwe mwaka 2012, ambao ulifungua mlango kwa ndege za jeti. Kwa viwanja kama Nduli, mkoani Iringa, hesabu ya uzito, urefu wa njia ya kurukia na idadi ya abiria ni ile ile aliyoipiga Wilson.

Mwaka 1962 uwanja wa Nairobi Magharibi, uliofunguliwa mwaka 1933 na kuwa makao ya kampuni yake, ulipewa jina lake. Mbeya, iliyohudumiwa na ndege zake, haina kumbukumbu kama hiyo.