Marehemu Bob Marley na Jasho la Wapiga Muziki

Kila ufikapo mwezi wa Mei, sisi tupendao muziki hapa visiwani hatukosi kumkumbuka marehemu Bob Marley, aliyefariki dunia mjini Miami tarehe 11 Mei, 1981, akiwa na umri wa miaka 36. Naye alikuwa mtu wa kisiwani, na maisha yake yanatuhusu zaidi ya wengi wadhaniavyo.

Alizaliwa tarehe 6 Februari, 1945, katika kijiji cha Nine Mile, nchini Jamaica. Ujana wake ulimkuta Trench Town, mtaa wa mafukara jijini Kingston. Huko ndiko mwimbaji Joe Higgs alikomfunza yeye pamoja na Peter Tosh na Bunny Livingston namna ya kupatanisha sauti, uani, bila ya jengo wala vyeti. Kundi lao la Wailers lilianza mwaka 1963. Nyimbo zilivuma kisiwani kote, lakini mifuko ya waimbaji ilibaki mitupu, hata mwaka 1966 Marley akalazimika kwenda Marekani kufanya kazi za kibarua, mojawapo katika kiwanda cha magari.

Sahani ya Catch a Fire, iliyotoka mwaka 1973, ndiyo iliyomfungulia milango ya dunia. Mwaka uliofuata Tosh na Livingston waliachana naye. Kundi jingine lingesambaratika. Yeye aliliongoza upya, akisaidiwa na ndugu wawili, Aston Barrett mpiga gitaa la besi na Carlton Barrett mpiga ngoma, na nyuma yao sauti za wanawake watatu, mmoja wao mkewe Rita. Asikilizaye kwa makini atatambua kwamba besi ya Aston ndiyo nguzo ya nyumba nzima.

Siasa za kwao zilikuwa za bunduki. Tarehe 3 Desemba, 1976, watu wenye silaha walimvamia nyumbani kwake wakamjeruhi yeye, mkewe na meneja wake. Siku mbili baadaye alipanda jukwaani na jeraha lake. Mwezi wa Aprili, 1978, aliwaita jukwaani Waziri Mkuu Michael Manley na mpinzani wake Edward Seaga, akawashikanisha mikono mbele ya umati. Tusidanganyane: mikono ilishikana, lakini damu haikukoma, na uchaguzi wa mwaka 1980 uliua watu mamia. Hata hivyo hakuna mwanasiasa wa zama zile aliyethubutu kufanya alilolifanya mwimbaji.

Waafrika tunamkumbuka zaidi kwa usiku wa kuamkia tarehe 18 Aprili, 1980, alipoiimbia Zimbabwe ikizaliwa, katika uwanja wa Rufaro. Gharama za kusafirisha vyombo alizibeba mwenyewe. Wananchi walioachwa nje walisukuma milango, polisi wakafyatua moshi wa kutoa machozi, na muziki ukasimama kwa muda. Kesho yake alipiga tena, kwa ajili ya wananchi wa kawaida.

Serikali ya Jamaica ilimzika kwa heshima zote za taifa, na Seaga, ambaye sasa alikuwa Waziri Mkuu, akahutubia mazishini. Lakini Marley hakuacha wosia. Mashauri ya mirathi yaliendelea takriban miaka kumi, mjane, watoto na kampuni wakivutana mahakamani. Mwaka 2006 Aston Barrett naye alishindwa kesi mjini London, alipodai sehemu yake ya mapato ya nyimbo zile.

Tunaomba wakuu wa ofisi zinazosimamia utamaduni na hakimiliki waitazame habari hiyo ya mwisho kwa jicho la kazi. Wapiga fidla na wapiga ganuni wetu wangapi wamerekodi kwa mkataba wa mdomo? Karatasi moja yenye majina ya wote waliopiga, iliyotiwa saini siku ile ile ya kurekodi na nakala yake kuwekwa ofisini, haihitaji bajeti kubwa. Barrett alifariki mwezi wa Februari, 2024, na besi yake ingali inasikika katika kila duka la Mji Mkongwe.