Allidina Visram: Alivyoanza Biashara na Ilivyokwisha

Katika historia ya biashara ya Afrika Mashariki, wachache wamepata sifa kama Allidina Visram. Alipofariki mwaka 1916, maduka yake yalikuwa zaidi ya 100, nayo yalitapakaa kutoka pwani ya Bahari ya Hindi hadi ndani ya Uganda na kuelekea Kongo. Watu wa zama zake walimwita mfalme wa Uganda asiye na taji. Hata hivyo, mtu huyo hakuzaliwa katika utajiri, wala hakukabidhiwa mtaji na serikali yoyote. Kwa askari wa jeshi na wa polisi, ambao wengi wao hutazamia kufungua biashara ndogo watakapovua sare, maisha ya marehemu huyu yanafaa kuchunguzwa, kwa mazuri yake na kwa kasoro zake.

Allidina alizaliwa mwaka 1851 katika kijiji cha Kera, nchi ya Kutch, upande wa magharibi wa Bara Hindi. Wazazi wake walikuwa katika jumuiya ya Waismailia. Katika miaka ya 1860, angali mvulana, alivuka bahari akafika pwani yetu ya Afrika Mashariki. Hakuja na mali. Alikuja kutafuta kazi.

Bagamoyo ya wakati huo ilikuwa mlango mkuu wa misafara ya bara. Nguo za merikani, shanga, waya na chumvi zilitoka hapo kwa vichwa vya wapagazi, nazo pembe za ndovu zikarudi kwa njia ile ile. Kijana Allidina aliingia katika nyumba ya biashara ya Sewa Haji Paroo, tajiri aliyewapatia wasafiri wapagazi na bidhaa, na ambaye baadaye alitoa fedha za kujenga hospitali Dar es Salaam. Hapo Allidina alikuwa mtumishi, si bwana. Lakini utumishi huo ndio uliokuwa shule yake. Ilimpasa mfanyakazi wa nyumba kama ile ajue uzito wa mzigo mmoja wa mpagazi, gharama ya chakula cha njiani, na bei ya pembe ilivyopanda na kushuka Unguja. Ilimpasa pia ajue kwamba shanga zilizopendwa katika nchi moja zilikataliwa kabisa katika nchi ya pili. Mtu aliyekosea rangi ya shanga alirudi na mzigo wake.

Katika miaka ya 1870 alianza kupeleka misafara kwa niaba ya nafsi yake. Hakuruka hatua. Alifanya kazi ile ile aliyokwisha kuijua, katika njia zile zile, na watu wale wale waliomfahamu. Maduka yakafunguliwa Dar es Salaam na Sadani, kisha bara huko Tinde na Ujiji. Sewa Haji alipofariki mwaka 1897, biashara ya misafara iliangukia mikononi mwa Allidina. Alikuwa amekwisha kutimiza miaka 46. Kwa hiyo, yule anayedhani kwamba utajiri wake ulishuka kwa ghafla, na azingatie kwamba uliandaliwa kwa zaidi ya miaka 30.

Wakati huo huo jambo kubwa lilikuwa likitokea. Mwaka 1896 Waingereza walianza kujenga reli kutoka Mombasa, nayo ilifika Kisumu mwezi wa Desemba mwaka 1901. Allidina alitambua kwamba zama za misafara zinakwisha. Hakung'ang'ania kazi iliyomtajirisha. Alifuata reli kwa maduka, na mwaka 1898, kabla hata garimoshi halijafika ziwani, alikuwa na duka Kampala. Baadaye akafungua matawi Jinja, Entebbe na katika vituo vingine vingi vya Uganda.

Kwa nini vituo? Kwa sababu vituoni ndiko kulikokuwa na watu wenye mishahara, na miongoni mwao askari walikuwa wengi. Ikumbukwe kwamba katika miaka ya 1890 askari wa Kisudani waliotumikia serikali ya kikoloni Uganda walilipwa kwa nguo, tena kwa kuchelewa. Manung'uniko juu ya malipo yalikuwa miongoni mwa sababu za maasi yao ya mwaka 1897. Fedha za rupia zilipoanza kuenea, zilihitaji mahali pa kutumika, na duka la Allidina likawa mahali hapo. Askari alipata nguo, chumvi na mafuta ya taa karibu na kambi yake.

Lakini yeye hakuridhika na kuuza tu. Mkataba wa Buganda wa mwaka 1900 ulileta kodi ya nyumba ya rupia 3, na mkulima asiye na fedha alitaabika. Mawakala wa Allidina walinunua ngozi, ufuta, pilipili, nta na baadaye pamba. Hivyo mkulima alipata rupia za kodi na za kununulia nguo, na sehemu ya rupia hizo ilirudi dukani. Mzigo uliopanda kutoka pwani ulikuwa bidhaa. Mzigo ulioshuka ulikuwa mazao. Safari moja ikaleta faida mbili. Huo ndio uliokuwa msingi wa nguvu yake, na hata mwenye kibanda kimoja leo anaweza kuutumia: usimtazame mteja kama mnunuzi peke yake, mtazame pia kama mtu mwenye kitu cha kuuza.

Nguzo ya pili ilikuwa amana. Aliwaleta vijana kutoka kwao Bara Hindi, akawapa bidhaa kwa mkopo, akawatuma vituo vya mbali. Wengi wao baadaye walifungua maduka yao wenyewe. Mahali pasipokuwa na benki, maofisa walipitisha fedha zao kwa hati za nyumba yake, kwa kuwa zilipokelewa bila shaka. Kutoka maduka akaingia viwanda: kukamua mafuta, kutengeneza sabuni na samani, kuchambua pamba.

Haifai kuficha upande wa pili. Utajiri wa misafara ulibebwa na migongo ya wapagazi, ambao majina yao hayakuandikwa popote. Tena utawala wa kikoloni ulimpa Mwafrika nafasi ya kulima pamba, si ya kuichambua. Ni mwaka 1952 tu, baada ya machafuko ya mwaka 1945 na 1949, sheria ilipovifungulia njia vyama vya ushirika vya Uganda kumiliki vinu vya pamba. Allidina alikuwa na bidii, lakini alipanda ngazi ambayo wenyeji walizuiwa kuikanyaga.

Mwaka 1916 alishikwa na homa katika safari ya biashara Kongo, akafariki. Mwanawe Abdulrasul alirithi shughuli zote, akajenga shule ya sekondari Mombasa yenye jina la baba yake, ambayo ipo hadi leo. Lakini bei za mazao zilianguka baada ya Vita Kuu ya Kwanza, na Abdulrasul naye akafariki mwaka 1923. Maduka yaliyojengwa kwa nusu karne yakasambaratika katika muda wa miaka michache. Shughuli nzima ilikuwa imefungwa katika kichwa cha mtu mmoja na heshima ya jina lake. Hapakuwa na mwingine aliyeweza kuishika.

Uganda iliona anguko la namna nyingine baada ya mwezi wa Agosti mwaka 1972, Idi Amin alipowapa Waasia siku 90 waondoke. Maduka yao yaligawiwa watu, na wanajeshi wengi walikuwa miongoni mwa waliopewa. Wananchi wakawaita mafuta mingi. Walipokea rafu zilizojaa bidhaa, lakini wengi hawakupokea ujuzi wa kuagiza, wa kupanga bei, wala wa kutenga fedha ya kununulia shehena inayofuata. Bidhaa ziliuzwa, fedha ikaliwa, rafu zikabaki tupu. Allidina alianza na ujuzi bila duka. Hao walianza na duka bila ujuzi. Matokeo ya kila upande yanajulikana.

Leo askari wa Uganda ana njia ambazo mpagazi wa Bagamoyo hakuwa nazo. Wanajeshi wana chama chao cha akiba na mikopo cha Wazalendo, na polisi wana chao cha Exodus. Mkopo ni msaada mkubwa, lakini haumfundishi mtu kazi. Aliyebakiza miaka kadhaa ya utumishi na aitumie likizo yake kukaa katika duka la jamaa anayemwamini, ajifunze kununua kabla ya kuuza. Na aanze na daftari, amfundishe mkewe au mwanawe kulisoma, ili siku akiitwa kazini ghafla, au akiitwa na Mola wake, duka lisifungwe. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na nyumba kubwa ya Allidina Visram haikukosa mali.